Mwongozo Kamili wa Kutembelea Mashamba ya Mizabibu ya Rasi, Afrika Kusini

Mgeni anayefika Cape Town kwa mara ya kwanza hupelekwa Mlima wa Meza, Kisiwa cha Robben na bandarini, kisha ikibaki siku moja hupakiwa kwenye basi dogo na kuzungushwa mashamba matano ya mizabibu kati ya asubuhi na jioni. Kufikia shamba la tatu ulimi umekwisha kuchoka, na kufikia la tano hakumbuki tena alichoonja wala mahali alipokionja. Mwongozo huu unapendekeza njia tofauti: bonde moja kwa siku, mashamba mawili au yasiyozidi matatu, na muda wa kutosha wa kutazama milima, kula bila haraka na kuuliza maswali. Nchi hii ina uzuri ambao hauonekani kwa mtu anayekimbizana na saa.

Chagua bonde kabla ya kuchagua shamba

Mizabibu ya Rasi Magharibi imetawanyika katika eneo kubwa, na kosa la kwanza la wapangaji wengi ni kuandika orodha ya mashamba yanayosifiwa bila kutazama ramani. Anza na ramani.

Constantia ndilo eneo lililo karibu zaidi na jiji, upande wa mashariki wa milima ileile inayoanzia Mlima wa Meza. Simon van der Stel, aliyekuwa kamanda wa koloni la Wadachi na baadaye gavana, alipewa ardhi hiyo mwaka 1685, na mvinyo mtamu uliotoka huko baadaye ulisifiwa hadi Ulaya. Napoleon alikuwa akipelekewa huko Saint Helena alikofungiwa. Leo shamba la Groot Constantia lina nyumba ya kale yenye kuta nyeupe na paa la nyasi, na jirani yake Klein Constantia walianza tena mwaka 1986 kutengeneza mvinyo mtamu wa aina ile, baada ya kutoweka kwa muda mrefu. Mwenye nusu siku tu aende Constantia, na asubuhi hiyo hiyo aunganishe na bustani ya mimea ya Kirstenbosch iliyo karibu.

Stellenbosch iko takriban kilomita 50 mashariki ya Cape Town, mwendo wa nusu saa hivi kutoka uwanja wa ndege kama barabara haina msongamano. Mji ulianzishwa mwaka 1679, una chuo kikuu, mitaa yenye mialoni mikubwa, na mashamba mengi kuliko unavyoweza kuyamaliza katika likizo nzima. Hapa ndipo njia ya kwanza rasmi ya utalii wa mvinyo nchini ilipoanzishwa mwaka 1971 na wakulima wa mashamba ya Simonsig, Spier na Delheim. Kwa anayetaka kujifunza kwa kina, hasa mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon, hakuna mahali pa kuanzia panapozidi hapa.

Franschhoek ni bonde jembamba lililozungukwa na milima pande tatu, walikopewa ardhi Wahuguenot, yaani Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na kufika Rasi kuanzia mwaka 1688. Kwa mandhari pekee, hili ndilo bonde ninalolipenda kuliko yote. Ukipanda barabara ya Franschhoek Pass na kusimama juu, unaliona lote chini yako, mistari ya mizabibu ikikomea pale miamba inapoanza. Mji wake ni mdogo, unatembeleka kwa miguu, na mikahawa yake ina sifa kubwa. Bei nazo ni kubwa.

Paarl iko kaskazini ya hayo mawili, na inafaa familia. Ukiwa na siku za ziada, nenda bonde la Hemel-en-Aarde karibu na mji wa Hermanus, ambako ubaridi wa bahari hulea zabibu za Pinot Noir na Chardonnay, na ambako kuanzia Juni hadi Novemba nyangumi huonekana kutoka nchi kavu. Swartland, Tulbagh na Robertson ni za safari ya pili.

Wakati wa kwenda

Mavuno huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi, pengine mwanzo wa Aprili, kutegemea aina ya zabibu na mwinuko wa shamba. Zabibu za mvinyo mweupe ndizo hutangulia, na mara nyingi huchumwa usiku au alfajiri ili zifike kiwandani zikiwa na ubaridi. Atakayekwenda Februari ataona matrekta yakiingia na shehena, atasikia harufu ya maji ya zabibu yanayochacha, lakini pia atakutana na joto linaloweza kuvuka nyuzi 30 na wahudumu wenye shughuli nyingi. Desemba na nusu ya kwanza ya Januari ni likizo ya Waafrika Kusini wenyewe: barabara hujaa, vyumba hupanda bei, na nafasi za chakula cha mchana huisha mapema.

Mwenye uhuru wa kuchagua achague Aprili au mwanzo wa Mei. Upepo mkali wa kusini-mashariki unakuwa umepungua, majani ya mizabibu yanageuka manjano na mekundu, na watengenezaji wa mvinyo, ambao miezi miwili iliyotangulia hawakuwa na nafasi hata ya kulala, sasa wana muda wa kuzungumza. Juni hadi Agosti ni majira ya mvua na baridi. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa asidharau baridi hiyo, abebe koti zito. Kwa upande mwingine, majira hayo vyumba hupungua bei, vilele vya mbali huweza kupata theluji, na kuonja mvinyo mwekundu kando ya moto ni jambo lenye raha yake.

Karatasi, ndege na malazi

Raia wa Tanzania na Kenya huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Wa nchi nyingine waulize ubalozi kabla ya kulipia tiketi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kibebwe, kwa kuwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, au waliopitia huko, hutakiwa kukionyesha. Anayesafiri na watoto abebe vyeti vyao vya kuzaliwa. Kwa ndege, njia za kawaida ni kupitia Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni kulala ndani ya eneo la mizabibu angalau usiku mmoja au miwili badala ya kwenda na kurudi Cape Town kila siku. Saa nzuri zaidi katika mabonde haya ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama, na saa zote mbili humpita mgeni wa siku moja akiwa barabarani. Nyumba za wageni zilizo mjini Stellenbosch au Franschhoek zinakuwezesha kwenda kwa miguu kula chakula cha jioni, jambo ambalo linatatua nusu ya tatizo lifuatalo.

Amueni mapema nani ataendesha gari

Hili liamuliwe kabla ya kuondoka nyumbani, si mezani baada ya glasi ya pili. Sheria ya Afrika Kusini inamkataza dereva wa kawaida kuendesha akiwa na gramu 0.05 za alkoholi au zaidi katika mililita 100 za damu, na polisi huweka vizuizi vya kupima ulevi, hasa mwisho wa wiki. Glasi za kuonja ni ndogo, lakini vionjo sita katika shamba moja na sita katika jingine ni vingi, na barabara za milimani zina kona kali.

Kama mko wanne na mmoja wenu hanywi, kodini gari. Uendeshaji ni upande wa kushoto kama Afrika Mashariki, na leseni yenye picha iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika. Kama hakuna asiyekunywa, ajirini dereva kwa siku nzima, kisha mgawane gharama, ambayo kwa watu watatu au wanne si mzigo mkubwa. Teksi za kuitwa kwa simu hupatikana kwa urahisi Cape Town na mjini Stellenbosch, lakini usizitegemee kukutoa kwenye shamba la mbali jioni. Gari mliloegesha lisiachwe na begi wala simu inayoonekana kwa nje, hata kwa dakika tano.

Franschhoek wana suluhisho lao, ambalo ni huduma ya tramu na mabasi yake inayozunguka mashamba tangu mwaka 2012. Njia zake zimetofautishwa kwa rangi, na kila njia ina mashamba yake. Unakata tiketi, unachagua njia, unashuka kwenye shamba unalolitaka na kupanda tena chombo kinachofuata. Nafasi ihifadhiwe mapema, na ieleweke kwamba kwa kawaida tiketi ni ya usafiri tu, kuonja kunalipiwa shambani. Njia moja huweza kuwa na vituo vingi, lakini vitatu vinatosha.

Kupanga siku yenyewe

Mashamba mengi hufungua mnamo saa nne asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, na wengine hawapokei wageni wapya baada ya saa kumi. Jumapili baadhi hufunga mapema au hawafungui kabisa. Weka miadi siku kadhaa kabla, hasa kwa shamba dogo ambalo mwenyewe ndiye anayekupokea.

Huu ni mfano wa siku moja ambayo imejaa bila kubana. Kunywa chai nzito Stellenbosch, ule mayai na mkate, kwa sababu kuonja na tumbo tupu ni kujiharibia siku. Saa nne uwe kwenye shamba la kwanza, nalo liwe lile unalotaka kujifunza zaidi, kwa kuwa ulimi wa asubuhi ndio ulio makini. Saa sita pita barabara ya Helshoogte inayovuka mlima kuelekea Franschhoek. Ni fupi, lakini simama pale juu uitazame Simonsberg upande mmoja na safu za Drakenstein upande wa pili. Chakula cha mchana kiwe Boschendal, shamba la tangu mwaka 1685, ambako watu hununua kikapu cha chakula na kukaa chini ya miti. Baada ya hapo shamba la pili, na la tatu kama bado una hamu. Kabla jua halijazama rudi kwa njia ya Paarl, upite gereza la Drakenstein, lililoitwa Victor Verster siku Nelson Mandela alipotoka kwa miguu kwenye lango lake, tarehe 11 Februari 1990. Sanamu yake imesimama langoni, ngumi juu, na mizabibu haiko mbali. Watalii wengi hulipita bila kujua ni mahali gani. Simama.

Mezani: namna ya kuonja

Mgeni asiyezoea mvinyo huingia kwenye chumba cha kuonja akiwa na hofu ya kuonekana hajui. Hofu hiyo haina msingi. Mhudumu amelipwa kukueleza, na anayeuliza hupewa mengi kuliko anayejifanya anajua.

Kwa kawaida utapewa orodha ya mvinyo watano au sita, kila mmoja kiasi kidogo tu, kuanzia wenye mapovu au mweupe mwepesi na kuishia mwekundu mzito au mtamu. Mfuatano huo uheshimiwe, kwani ukianza na mzito, mwepesi utaonekana maji. Usipake manukato siku hiyo. Shika glasi kwenye mguu wake, si kwenye tumbo, ili mkono usipashe kinywaji joto. Itazame rangi juu ya karatasi nyeupe. Nusa kwanza ikiwa imetulia, kisha izungushe polepole glasi ikiwa juu ya meza na unuse tena. Utashangaa ni kiasi gani harufu imefunguka. Ndipo upige funda dogo, ulipitishe mdomoni kote, na umeze au uteme kwenye chombo kilichowekwa hapo. Kutema si utovu wa adabu. Watengenezaji wenyewe hutema kutwa nzima, na ndiyo njia pekee ya kufika shamba la tatu ukiwa na akili zako.

Omba kuonja Chenin Blanc mbili kwa pamoja, moja iliyochachushwa katika tangi la chuma na nyingine katika pipa la mwaloni. Hii ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote nchini, wenyeji wa zamani huiita Steen, na hakuna somo la haraka kuliko glasi hizo mbili zikiwa bega kwa bega. Ya tangini itakuwa na rangi hafifu, ikinukia pera na tofaa la kijani, na uchachu wake utakufanya umeze mate. Ya kwenye pipa itakuwa ya dhahabu zaidi, nzito ulimini, yenye asali na harufu ya karanga zilizokaangwa, na ladha yake itakaa mdomoni baada ya kumeza. Zabibu ni ileile, huenda hata mlima ni uleule. Tofauti imetoka kwenye chombo, muda, na mara nyingi umri wa mizabibu.

Kisha omba Pinotage. Zabibu hii ilizaliwa Rasi mwaka 1925, pale Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo wenyeji waliiita Hermitage. Ikitengenezwa vibaya huwa na harufu ya kuungua, na ndiyo sababu wengine huibeza. Ikitengenezwa kwa uangalifu ina zambarau, moshi wa mbali na viungo. Katika mvinyo mwekundu utahisi pia ukakasi, uleule unaoachwa mdomoni na bibo bichi. Unatoka kwenye maganda na mbegu, na usiuchukulie kuwa kasoro, kwani ndio unaouwezesha mvinyo kukaa miaka mingi. Ule kipande cha nyama au jibini halafu uonje tena, utaona umelainika.

Maswali yanayofaa kumwuliza mhudumu ni haya: mizabibu hii ina umri gani, imepandwa kwenye udongo gani, mwaka huu wa mavuno ulikuwaje, na yeye mwenyewe angefungua chupa ipi akiwa nyumbani. Hilo la mwisho mara nyingi huleta chupa isiyokuwa kwenye orodha.

Kwa wenzetu wasiokunywa

Katika kundi la wasafiri wa Kiswahili karibu kila mara yupo asiyekunywa, kwa dini, afya au kwa kupenda tu, na si haki akae kwenye gari akiwangoja wengine. Bustani ya Babylonstoren, iliyo kati ya Paarl na Franschhoek, inaweza kuchukua nusu siku nzima: matunda, mboga na mimea ya dawa imepandwa kwa mpangilio, na yanayovunwa hupikwa hapo hapo. Vergelegen, karibu na Somerset West, ina miti ya kafuri iliyopandwa mnamo mwaka 1700, mikubwa kiasi kwamba watu kadhaa hawawezi kuukumbatia mmoja. Fairview, Paarl, ina jibini na mbuzi wanaopanda ngazi ya mnara wao, na watoto hawataki kuondoka. Mashamba mengi pia huuza maji ya zabibu yasiyochacha.

Kwa Muislamu kuna jambo kubwa zaidi la kuona. Wadachi walitumia Rasi kama mahali pa kuwahamishia watu waliowapinga kwenye visiwa vya Mashariki, na miongoni mwao alikuwa Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyeletwa mwaka 1694 na kufariki mwaka 1699. Kaburi lake liko Macassar, si mbali na barabara ya kwenda Somerset West, na linazuriwa mpaka leo. Langoni mwa Klein Constantia nako kuna kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah. Kuhusu chakula cha halali, Cape Town ni miongoni mwa miji rahisi zaidi barani kukipata, ila huko mashambani uliza wakati wa kuhifadhi nafasi.

Tazama pia mikono iliyojenga

Uzuri huu ulijengwa kwa utumwa, na msafiri wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulijua hilo. Waliolima mashamba haya kwa karibu karne mbili waliletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kubaki kama wanagenzi hadi mwaka 1838. Baada ya hapo ulidumu kwa muda mrefu mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, ulioitwa dop, na madhara yake kwa familia za wafanyakazi, hasa watoto waliozaliwa na athari za pombe, bado yanaonekana vijijini.

Kwa hiyo uliza. Uliza wafanyakazi wanaishi wapi, na kama wana hisa katika shamba. Tafuta pia kazi ya watengenezaji Weusi: Ntsiki Biyela, aliyelelewa na bibi yake kijijini KwaZulu-Natal na kufika Stellenbosch kusomea mvinyo bila kuwahi kuuonja, leo ana mvinyo wake unaoitwa Aslina, jina la bibi huyo. Chupa yake ni zawadi bora kuliko nyingi za dukani uwanja wa ndege.

Kununua na kubeba hadi nyumbani

Usinunue kwenye shamba la kwanza kwa msisimko. Andika namba na majina, kisha amua jioni. Pendelea kile kisichopatikana Dar es Salaam wala Nairobi, kwani chapa kubwa za Rasi tayari ziko kwenye maduka yetu. Mashamba mengine hufuta ada ya kuonja kwa anayenunua chupa kadhaa, basi uliza kabla ya kulipa. Dai risiti ya kodi, maana mgeni anayetoka nchini na bidhaa zinazozidi randi 250 anaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani uwanjani, mradi azionyeshe bidhaa hizo kwa ofisa kabla ya kukabidhi begi.

Chupa haziruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi ukipita ukaguzi, kwa hiyo zipakie kwenye begi kubwa, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki kisha katikati ya nguo, mbali na kingo. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za mililita 750 na nafasi kidogo, zinazozidi zitangazwe. Ukifika nyumbani ziache zipumzike wiki mbili mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko, zile za kizibo cha gome zikilazwa ubavu ili kizibo kisikauke.